Sikio la mzee na sikio la kijana
Mazungumzo juu ya muziki na ujirani

 

Leo hatutazungumza juu ya mashamba wala juu ya mipaka ya vijiji. Tutazungumza juu ya muziki. Najua kuna mtu atakayeuliza: muziki unanihusu nini mimi niliyepoteza shamba na ng'ombe, na watoto wangu hawajala tangu jana? Swali hilo ni la haki. Lakini tazameni jinsi mambo yanavyokwenda mahali ambapo watu wamesongamana. Ugomvi wa kwanza huzaliwa kwenye bomba la maji. Wa pili, mara nyingi, huzaliwa kwa sababu ya kelele. Hema na hema hutenganishwa na hatua mbili, na ukuta ni turubai. Kijana amepata mawe ya redio, au amepata mahali pa kutia moto telefoni yake, naye anafungua muziki. Mzee wa upande huu anasema: huo si muziki, ni fujo. Mama wa upande ule anasikia ngoma ya watu ambao, katika mawazo yake, ndio waliomfukuza kijijini. Kabla jua halijazama, jina la kabila limekwisha kutajwa kwa ubaya. Ndiyo maana tunalizungumza.

Tuanze na wazee, kwa kuwa wao ndio wanaolalamika kwa sauti kubwa, na mimi ninayesema nanyi nimo katika kundi lao. Mwulize mzee muziki wa kweli ni upi. Atakujibu bila kusita: Kabasele, Franco, Rochereau. Atakuambia kwamba wakati ule watu walivaa vizuri, maneno ya wimbo yalikuwa na maana, na gita lilisema kama mtu. Sitamkatalia, nyimbo zile ni nzuri. Lakini mwulize tena: baba yako alisema nini siku ile uliporudi nyumbani usiku, viatu mkononi, ukitoka kuzicheza nyimbo hizo?

Mwaka 1948, katika mji wa Léopoldville ambao leo ni Kinshasa, kijana mmoja aliyekuwa fundi wa mashine katika mashua za mto, Wendo Kolosoy, alirekodi wimbo uitwao « Marie-Louise » pamoja na mpiga gita Henri Bowane. Wimbo ulienea mbali. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ukipigwa usiku wa manane unafufua wafu, na wakubwa wa kanisa wa wakati ule hawakupendezwa hata kidogo. Huo ndio muziki ambao leo tunauita wa mababu, wa heshima, wa kutulia! Wendo alifariki mwaka 2008, naye alikuwa mzee ambaye kila mtu alimwita Papa.

Kisha Joseph Kabasele akaanzisha African Jazz mwaka 1953, na mwaka 1956 Franco na wenzake wakaanzisha OK Jazz. Wapenzi wa orkestra hizo mbili walikuwa kama wapenzi wa timu mbili za mpira. Huyu alisema wale wanapiga muziki wa kizungu, yule alisema hawa wanapiga muziki wa mtaani. Miaka ikapita. Mwaka 1983 Franco na Tabu Ley Rochereau, aliyekulia katika African Jazz, waliingia studio pamoja. Watu waliobishana tangu ujana wao wakajikuta na sahani moja yenye majina yote mawili, na nywele zao zimeanza kuota mvi.

Desemba 1969 vijana wa Kinshasa walianzisha Zaïko Langa Langa. Hawakutaka tarumbeta. Walitaka magita na ngoma yenye nguvu, sebene ikawa ndefu, na katika miaka ya 1980 wakamweka pia mtu wa kupaza sauti ili watu wacheze, yule tunayemwita atalaku. Waliozoea rumba ya polepole waliona ni vurugu. Leo mtu aliyekuwa kijana wa Zaïko ana miaka sabini na zaidi, anasikia gita lile anafuta machozi, halafu anamgeukia mjukuu wake na kumwambia: zima hiyo kelele yako! Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo, kwa nchi zote mbili, ile ya Kinshasa na ile ya Brazzaville, katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Fujo ya jana imekuwa urithi.

Wala rumba yenyewe haikuota hapa peke yake kama uyoga. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za santuri za muziki wa Cuba, zenye alama ya G.V., ziliuzwa hapa kwetu, na watu wa Léopoldville na Brazzaville wakazisikiliza na kusema: mbona mapigo haya tunayajua? Waliyajua kwa sababu watu wengi waliochukuliwa utumwani kutoka nchi za Kongo walifikishwa Cuba, na walikwenda na ngoma zao kichwani. Kwa hiyo hata kitu tunachokiita chetu kabisa kilivuka bahari mara mbili, na wageni wakakitia mkono.

Sasa, kwa nini kila kizazi kinashika muziki mmoja na kuuchukia mwingine? Wataalamu wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, walitoa mwaka 1989 utafiti ambamo waliwasikilizisha watu wa umri mbalimbali nyimbo za miaka mingi, za zamani na za karibuni. Waliona kwamba watu hupenda zaidi nyimbo zilizotoka walipokuwa na miaka karibu 23 au 24. Hilo mnalijua bila kwenda chuoni. Ndio umri wa kupenda, wa kuoa, wa kutafuta kazi, wa kuwa na marafiki ambao hutawasahau. Wimbo uliokuwa ukipigwa wakati huo umeshikamana na maisha yako mwenyewe.

Lakini kuna jambo la pili, na hapo naomba mnisikilize vizuri. Kijana hachagui muziki kwa sikio peke yake. Anachagua kundi. Muziki kwake ni kama nguo: unamwonyesha yeye ni nani, anatembea na nani, na hasa hataki kufanana na nani. Ndiyo maana kijana hasemi tu kwamba wimbo fulani haumpendezi. Anasema: huo ni wa wazee, huo ni wa watu wa kijijini, huo ni wa kabila fulani. Kukataa wimbo kwake ni kujenga ua wa nyumba yake. Tusimlaumu kwa hilo, sisi sote tulipita hapo.

Mtu mzima ana nafasi nyingine. Anajua yeye ni nani. Haogopi tena kwamba akisikiliza wimbo wa watu wengine atapoteza jina lake. Isitoshe, maisha yamemlazimisha. Binti yako ameolewa na watu wa kabila lingine, na siku ya arusi wanacheza ngoma yao. Utakaa kama jiwe? Umefanya biashara miaka kumi karibu na mama anayeimba nyimbo za kanisa ambalo si lako, na siku moja unajikuta nyumbani unaziimba ukipepeta mchele. Umefiwa, tena umefiwa mbali na kwenu, na waliokuja kukesha nawe ni watu wa hema la jirani wenye nyimbo za maombolezo ambazo hukuzijua. Hukuelewa maneno. Lakini uliposikia sauti zile usiku ule ulijua kwamba hukuachwa peke yako. Baada ya hapo hutaweza kuzisikia kama mlio wa wageni.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia kubwa ambayo kwayo sikio la mtu mzima hupanuka: kwa watu walioimba karibu naye siku ambayo alikuwa na haja ya mtu. Wala si miaka peke yake. Wapo wazee ambao miaka imewafunga badala ya kuwafungua. Wamebaki na kaseti moja, na kila kinachotokea baada yake ni dhambi.

Kuna wanaosema kwamba sikio ni la damu, kwamba mtu wa kabila hili hawezi kuupenda muziki wa kabila lile, ameumbwa hivyo. Si kweli. Mwaka 2016 watafiti walichapa matokeo ya kazi waliyofanya Bolivia, Amerika ya Kusini, kwa watu waitwao Tsimane wanaoishi msituni, mbali na muziki wa Ulaya. Sauti zikipigwa pamoja, kuna zile ambazo watu wa Ulaya na Marekani huona zinapatana, na zile ambazo huona zinagombana masikioni. Watsimane waliziona zote sawa, nzuri kwa kiasi kimoja. Maana yake, hata jambo lililodhaniwa kuwa la asili ya binadamu lilikuwa limefundishwa. Na sikio lililofundishwa linaweza kufundishwa tena.

Linafundishwaje? Mwaka 1968 mtaalamu Robert Zajonc alionyesha kwamba kitu ambacho mtu anakutana nacho mara nyingi, bila kuumizwa nacho, huanza kumpendeza. Yashikeni sana maneno hayo: bila kuumizwa nacho. Ngoma unayoisikia kila jioni huku ukitukanwa, huku mtoto wako akisukumwa kwenye foleni ya maji, hutaipenda hata ukiisikia mara elfu. Utazidi kuichukia. Kambini kila mtu anasikia muziki ambao hakuuchagua. Jambo hilo linaweza kuwa shule, linaweza pia kuwa kidonda. Inategemea mnatendeana namna gani wakati muziki unapigwa.

Sisi wa upande huu wa mashariki na kusini tuna sababu ya kulijua hilo, maana wanamuziki wetu wamekuwa wageni kwa watu wengine, nao wakapokelewa. Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bayeke wa Katanga, alirekodiwa na Mwingereza Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Alipiga gita kwa vidole, akaimba kwa Kiswahili, na wapiga gita wa Kenya wakamfuata kama mwalimu. Remmy Ongala, mzaliwa wa upande wa Kindu, alikwenda Dar es Salaam mwaka 1978, akaimba Kiswahili juu ya maisha ya maskini, na alipofariki mwaka 2010 Watanzania walimlilia kama mtoto wao. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipita Uganda, akafika Nairobi, na orkestra aliyoianzisha huko akaipa jina la Virunga, milima ile ile ambayo watu wa Rutshuru na Goma wanaiona kila asubuhi. Wakenya wengi walicheza nyimbo zake za Kilingala bila kujua neno moja la Kilingala.

Hapa ningeweza kuwaambia kwamba muziki huleta amani, na kipindi kingekwisha vizuri. Lakini mlioyaona mambo kwa macho hamtanikubalia, nami sitaki kuwadanganya. Katika miaka ya 1980 nchi nzima, iliyokuwa Zaïre, ilicheza mutuashi, ngoma ya Waluba wa Kasaï ambayo Tshala Muana aliipeleka mijini na ng'ambo. Tshala Muana mwenyewe alizaliwa Lubumbashi mwaka 1958. Huko Katanga pia watu waliucheza mutuashi katika arusi zao. Pamoja na hayo, mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasaï zilifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa maelfu na maelfu, zikalala kwenye vituo vya treni zikingoja gari la kuwapeleka mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kupaona. Ngoma ilipendwa, wenye ngoma wakafukuzwa.

Tena kumbukeni redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza mwaka 1993. Ilipendwa na vijana kwa sababu ilipiga muziki mtamu, na kati ya muziki huo ulikuwemo muziki wa kwetu Zaïre. Muziki ulikuwa sukari, na maneno yaliyofuata yalikuwa sumu. Mwimbaji Simon Bikindi alihukumiwa na mahakama ya Arusha mwaka 2008, miaka 15. Kosa lililomtia gerezani halikuwa kutunga nyimbo. Yalikuwa ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti, juu ya gari, mwezi wa Juni 1994, akiwahimiza watu wawaue Watutsi. Basi kiongozi aliye macho hawezi kushughulika na mapigo ya ngoma tu. Asikilize maneno. Kama wimbo unawaita watu wengine nyoka, au wadudu, au unawaambia warudi walikotoka, huo hauna zamu yake kambini, hata ukiwa wa kabila lako, hata ukiwa na gita zuri namna gani. Lakini wimbo wa kuvuna, wa kubembeleza mtoto, wa arusi, wa kumlilia marehemu, usiukataze kwa sababu tu ya lugha yake.

Nawaomba sana ninyi maprezida wa makambi na wazee wa barza: ikiletwa kwenu mashtaka juu ya ngoma ya kundi fulani, kabla ya kusema iache, mwiteni mwenye ngoma. Mwulizeni wimbo huu unaimbwa lini, unasema nini, nani aliwafundisha. Mlalamikaji awepo, asikie jibu kwa masikio yake. Mara nyingi atagundua kwamba kile alichodhani ni wimbo wa vita ni wimbo wa kumwogesha mtoto mchanga. Na ikiwa kweli ni wimbo wa vita, mtakuwa mmejua jambo ambalo mlihitaji kulijua.

Neno jingine ni juu ya wenzetu Watwa na Wambuti. Tumezoea kuwaita waje kuimba kwenye sherehe, kwa kuwa hakuna anayewashinda kupanga sauti nyingi, kila mtu na sauti yake bila mmoja kumfunika mwingine. Wakimaliza kuimba tunawapa chakula chao pembeni, nyuma ya nyumba. Sikio letu limepanuka, moyo bado. Safari nyingine wapeni kiti.

Matanga yana sheria yake, na hapo sina mzaha. Hema likiwa na maiti au na kilio, bafle zote za karibu zizimwe mpaka mazishi yapite, ziwe za kanisa, ziwe za vijana. Kijana mwenye bafle asiambiwe kwa matusi. Aitwe aingie, akae na wafiwa kidogo. Wengi wakishaingia huzima wenyewe.

Nanyi wazee na mama, kabla ya kumkataza mtoto, kaeni naye wimbo mmoja mpaka mwisho. Mmoja tu. Mwambieni awaeleze unasema nini. Atashangaa, pengine ataona haya, pengine atawaambia jambo la maisha yake ambalo asingewaambia kwa njia nyingine. Halafu mwimbieni wa kwenu, ule wa kijijini. Hasa ninyi mliokimbia na watoto wadogo: wao hawakukulia kule, na wimbo hauhitaji gari la kuubeba. Kama mkiuimba nje ya hema, mtoto wa jirani naye atausikia.

La mwisho ni la redio yenyewe. Mahali pengi kuna transista moja kwa hema kumi, na mtu mmoja, yule mwenye nguvu, ndiye anayeshika kisu cha stesheni tangu asubuhi hadi usiku. Wekeni zamu. Siku moja wazee, siku moja vijana, siku moja mama. Mwenye zamu aseme kwanza ni muziki gani na kwa nini anaupenda, kisha afungue. Wengine wasizime hata kama meno yanauma. Na wiki ya kwanza msiwape wakubwa wa kambi. Mpeni yule mama mjane wa hema la mwisho, aliyefika juzi, ambaye lugha yake hamjaifahamu. Aanze yeye.